Dirisha Lina Ngeli Gani?

Neno dirisha lina asili ya Kiajemi. Tulipolipokea tulilipa wingi wake, madirisha, tukalikalisha katika ngeli ya LI-YA, na leo tunasema dirisha limefunguka, madirisha yamefunguka, bila mtu kukumbuka kwamba lilikuwa mgeni. Kompyuta zilipoingia nchini, neno hilohilo lilitoka ukutani likahamia kwenye kioo, likabeba upatanisho wake wote bila kupoteza hata silabi moja.

Lakini dirisha halikai peke yake. Mwandishi afanyaye kazi kwa kompyuta hufungua madirisha kumi, pengine ishirini: hapa tungo, pale kamusi, kule barua, na nyuma ya yote ukurasa wa gazeti alioanza kuusoma asubuhi akausahau. Ndipo linapozuka suala la kuyatia madirisha alama na kuyakusanya katika makundi kwa kanuni, ili kila moja lifunguliwapo lijiendee mahali pake. Hapo Kiswahili chetu hushikwa na kigugumizi. Vijana mahiri wa TEHAMA husema kwamba elimu hiyo haina maneno kwetu kwa sababu haikuzaliwa kwetu.

Napinga. Kuvitambulisha vitu kwa alama, na kuviweka katika makundi kwa kanuni zisizongoja kuamuliwa upya kila mara, ni kazi ambayo sarufi ya Kiswahili huifanya katika kila sentensi, na elimu ya bahari za ushairi huifanya katika kila diwani. Istilahi za jambo hili tuzitafute humo. Na kanuni zake, badala ya kuzipokea kama zilivyoletwa, tuziandike wenyewe kwa maneno yetu.

Kwanza nieleze kinachozungumzwa. Katika kompyuta nyingi zinazotumia Linux, programu haijipangii mahali pa kukaa. Mfumo wa X, ulioanzishwa mwaka 1984 katika chuo cha MIT nchini Marekani, uliiacha kazi hiyo kwa programu nyingine ya pekee, ambayo ndiyo huamua dirisha likae wapi, liwe na ukubwa gani na lionekane lini. Programu hiyo nitaiita kisimamizi cha madirisha; sababu ya kuchagua KI- badala ya M- nitaieleza mbele. Visimamizi ni vingi. Kimoja, dwm, kilitoka mwaka 2006; kingine, awesome, kilichipuka kutoka hicho mwaka 2007. Sifa ya visimamizi vya aina hii ni kwamba mtumiaji huviandikia kanuni mwenyewe. Katika dwm kanuni huandikwa ndani ya programu yenyewe, kisha programu hujengwa upya. Katika awesome huandikwa katika faili ya pembeni kwa lugha iitwayo Lua, iliyobuniwa mwaka 1993 katika Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Rio de Janeiro, Brazili. Lua kwa Kireno ni mwezi. Wabrazili hawakuona haya kuiita kazi yao kwa neno la nyumbani, na dunia nzima imejifunza kulitamka.

Kanuni yenyewe ni nyepesi kuliko inavyodhaniwa. Kila dirisha linapofunguka huja na vitambulisho vyake: aina ya programu iliyolizaa, jina la nakala ya programu hiyo, na kichwa chake, yaani maneno tunayoyaona juu ya dirisha. Kisimamizi huvisoma vitambulisho hivyo, kisha huvilinganisha na kanuni zilizoandikwa: ikiwa aina ni hii, tia alama ile. Dirisha la kuandikia la LibreOffice hujitambulisha kuwa libreoffice-writer. Anayetaka huweza kuagiza kila dirisha la aina hiyo litiwe alama ya «tungo». Faili ya mfano inayokuja na dwm huitia Firefox alama ya 9. Ukibonyeza 9, madirisha yenye alama hiyo huonekana. Ukiondoka hapo, hufichika bila kufungwa.

Sasa tuje nyumbani. Naandika haya Mashewa, wilayani Korogwe, kwenye barabara itokayo Korogwe ikapita Magoma na kuelekea Bombo Mtoni. Mchukue mchapaji wa steshenari yoyote ya njia hii. Kwa siku moja mbele yake hupita mtihani wa shule, barua ya serikali ya kijiji, kadi ya mwaliko wa harusi, maombi ya kazi, na pengine wosia wa mzee ambao warithi hawajauona. Kompyuta yake ni ya mtumba, na wateja husimama nyuma ya bega lake wakitazama kioo. Visimamizi hivi huhitaji kumbukumbu kidogo sana, kwa hiyo huifaa mashine kama hiyo. Na kanuni inayoupeleka wosia kwenye kundi lisiloonekana wakati mwenye kadi ya harusi amesimama hapo ni suala la amana. Siri ya mtu imekabidhiwa kioo, na kioo hakijui siri ila kifundishwe.

Mchapaji huyo, akizaliwa katika pande hizi za Korogwe au kwa jirani zetu wa Handeni, amekulia kati ya Kisambaa, Kizigua, Kibondei na Kiswahili. Lugha zote nne zina ngeli. Kabla hajaiona kompyuta, amekwisha kuwa bingwa wa kutia vitu alama kwa kanuni. Hakuna mtoto wa Mashewa anayesimama kufikiri kabla ya kusema kiti kimevunjika na mti umeanguka. Nomino ikifika, alama yake hutambulika, na vivumishi, viwakilishi na vitenzi vyote hujipanga nyuma yake. Mtu wa namna hiyo akiambiwa kwamba kupanga vitu kwa kanuni ni elimu ya wageni, ananyang'anywa mali yake mchana kweupe.

Wapenzi wa sarufi watakumbuka mgawanyo uliozigawa njia za kuainisha ngeli. Wataalamu wa karne ya 19, kama Bleek na baada yake Meinhof, walitazama umbo la kiambishi wakazipa ngeli namba. Waliofuata wakatazama upatanisho wa kisarufi katika sentensi, wakatupa A-WA, KI-VI na LI-YA tuzijuazo. Tofauti hiyo inaonekana wazi katika neno kiboko. Kiboko wa mtoni amelala. Kiboko cha kuchapia kimekatika. Umbo moja, maana mbili, ngeli mbili. Anayetazama umbo tu atakosea nusu ya safari zake.

Kisimamizi cha madirisha hukutana na kiboko kila siku. Anayeandika kanuni kwa kutazama kichwa cha dirisha anatazama umbo. Anayetazama aina ya programu amekaribia tabia. Katika dwm, kanuni ya kichwa hutafuta mfuatano wa herufi tu popote ulipo. Mshairi akiagiza kwamba kila dirisha lenye «tenzi» katika kichwa chake liende kwenye kundi la tungo, atalipata utenzi na atazipata tenzi, kama alivyotaka. Lakini atapata pia mtihani wa darasa la tano kuhusu vitenzi, kwa kuwa mashine imeziona herufi tano na haikujua kwamba kitenzi ni jambo jingine. Akiandika Tenzi kwa herufi kubwa katika kichwa cha faili, kanuni yake ya herufi ndogo italipita dirisha hilo kama halikuwepo. Lugha yetu hubeba viambishi mbele ya mzizi, kwa hiyo hatari hii hutukabili zaidi kuliko wale ambao maneno yao huongezeka nyuma. Kanuni iliyotungwa kwa lugha nyingine haitatukumbusha hilo. Litakumbukwa na mtu anayeijua ngeli.

Liko na jambo la mpangilio wa kanuni. Kipofu ana kiambishi KI-, lakini hatusemi kipofu kimekuja. Twasema kipofu amekuja. Kanuni ya uhai hufuata kanuni ya umbo na kuifuta. Ndivyo ifanyavyo awesome: kanuni husomwa kwa mpangilio, na zikigongana juu ya jambo moja, ile ya baadaye hushinda. Kwa hiyo mwandishi mwenye busara huanza na kanuni pana, kisha huja na ya mahususi. Aliyejifunza kwa nini tunasema vipofu wawili wamekuja hahitaji mhadhara mrefu kuielewa faili ya kanuni za awesome.

Dwm kina mkondo mwingine, na hapa ndipo malenga wanapohitajika zaidi ya wanasarufi. Dirisha likikubaliana na kanuni mbili katika dwm, alama ya pili haifuti ya kwanza. Huongezwa juu yake. Dirisha moja huweza kuwa na alama tatu, likaonekana katika makundi matatu, nalo ni lilelile, halikunakiliwa. Watu waliozoea kabati na mafaili ya karatasi hushangaa, kwa sababu karatasi moja haikai katika droo mbili. Mshairi hashangai. Shairi moja lenye mishororo minne katika kila ubeti ni tarbia. Ikiwa kila mshororo una vipande viwili, ni mathnawi. Ikiwa vina vyake havibadiliki tangu ubeti wa kwanza hadi wa mwisho, ni mtiririko. Ikiwa neno moja hurudiwa mwanzoni mwa kila ubeti, ni kikwamba. Hakuna aliyewahi kumwambia mtunzi achague moja: tarbia au mtiririko. Bahari zetu ni alama, si droo. Shairi huogelea katika zote kwa wakati mmoja, na kila anayelitafuta hulikuta kwa njia yake.

Mwaka 1954 Kaluta Amri Abedi alichapisha Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri. Kitabu hicho kiliwapa wengi wetu kanuni zilizoandikwa za kupimia tungo. Miaka 20 baadaye, mwaka 1974, Euphrase Kezilahabi alichapisha Kichomi, diwani yenye mashairi yasiyofuata urari wa vina na mizani. Mjadala uliofuata kati ya wanamapokeo na wanamabadiliko unajulikana. Wako waliosema kwamba tungo hizo si mashairi kabisa, kwa sababu hazikukubaliana na kanuni yoyote iliyokuwa imeandikwa. Leo shairi huru linafundishwa shuleni, lina jina lake, nayo mapokeo hayakufa kwa hilo.

Nautaja mjadala huo kwa sababu unatufunza kuitambua kanuni njema ya kuainisha. Dirisha geni lisilokubaliana na kanuni yoyote likifunguka katika dwm, halikataliwi. Hupewa alama ya kundi ambalo mtumiaji analitazama wakati huo, likakaa mbele ya macho yake, naye akaamua. Mgeni huketishwa sebuleni kwanza, ndipo ajulikane ni wa chumba gani. Mabingwa wa vina wangalifanya hivyo mwaka 1974, tungaliokoa wino mwingi. Na awesome huenda mbele zaidi: huweza kuagizwa kwamba dirisha fulani likija lizaliwe kundi jipya kwa ajili yake, na kundi hilo lifutike dirisha la mwisho likifungwa. Kanuni isiyojua kuzaa jina jipya huishia kuwa gereza.

Hapa wapinzani wangu wana hoja moja nzito, nami sitaipuuza. Watasema: ikiwa kanuni zenyewe hukosea, kwa nini mwandishi asiyapange madirisha yake kwa mkono? Ni kweli kwamba kanuni hukosea, na kosa lake hufichika. Kisimamizi kama dwm husoma kanuni dirisha linapofunguka tu. Hati mpya hufunguka ikiwa haina jina. Jina huja baadaye, mchapaji anapoihifadhi. Ile kanuni ya «wosia» niliyoitaja haitaikamata hati hiyo, kwa maana wakati wa kusomwa bado haikuitwa wosia. Mchapaji anayeamini kwamba amana imelindwa na kanuni atakuwa ameiacha wazi. Kwa hiyo sisemi kwamba kanuni itoshe badala ya jicho. Nasema kwamba kanuni izibebe zile kazi zisizo na shaka, kama ulimi unavyobeba kiti na viti, ili akili ibaki huru kwa ajili ya kiboko na kipofu. Asiyejua kanuni yake imeandikwaje hajui itamwangusha wapi. Hiyo ndiyo sababu ya kutaka iandikwe kwa maneno anayoyaelewa.

Sasa tuingie kwenye istilahi. Napendekeza tatu, na kila moja ina sababu.

La kwanza ni kisimamizi. Wengi husema msimamizi wa madirisha, kwa kuwa neno hilo limezoeleka maofisini. Lakini msimamizi yumo katika A-WA. Ana uhai, ana hiari, hulaumiwa. Ukisema msimamizi ameificha barua yangu, umeikabidhi mashine lawama ambayo ni ya mwandishi wa kanuni. Ukisema kisimamizi kimeificha, msikilizaji huuliza mara moja: nani aliyekiagiza? Njia hiyo tumeshaipita. Kivinjari, kichapishi na kikokotoo vyote ni KI-VI, navyo vimekubalika. Wako wanaopenda kipanga madirisha, lakini kipanga kwetu ni ndege anyakuaye vifaranga, na sitaki anyakue madirisha ya mtu.

La pili ni ngeli, kwa ile aina ya programu ambayo kila dirisha hujitambulisha nayo. Wengine hutafsiri kwa daraja, wengine kwa tabaka. Daraja hupandisha na kushusha. Tabaka huleta habari za matajiri na maskini. Ngeli haina cheo, huainisha tu. Husemwa kwamba neno hilo lilitujia kutoka Kihaya likiwa na maana ya aina, kwa hiyo kulitumia nje ya sarufi si kulipotosha. Na faida yake ni kubwa: mwalimu wa kompyuta akisema dirisha hili ni la ngeli gani, mwanafunzi hujua papo hapo kwamba jibu litatawala yote yanayofuata.

La tatu ni alama, badala ya lebo na tagi. Lebo hubandikwa chupani, moja kwa chupa moja. Alama huweza kuwa nyingi juu ya kitu kimoja, na ndivyo dwm kifanyavyo. Zaidi ya hayo, alama ya reli tumeshaizoea katika mitandao ya kijamii, kwa hiyo sikio limekwisha kuandaliwa. Madirisha yenye alama moja tuyaite kundi, inatosha. Sidai tuliite bahari. Bahari ya washairi ibaki kwa washairi, ila ndiyo iwe mfano wa kufundishia.

Nne sikupendekeza, kwa kuwa tayari ipo: kidirisha, lile dirisha dogo linalochomoza kuuliza kama unataka kuhifadhi. Katika dwm kidirisha hakipimwi kwa kanuni. Hurithi alama za dirisha lililokizaa. Lugha yetu ilikuwa imeshalisema hilo kwa kiambishi kimoja.

Haya si ndoto. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zilizozungumza Kiswahili, na kazi hiyo ililazimu kutafuta maneno ya mamia ya vitu ambavyo havikuwa na majina. BAKITA ipo tangu mwaka 1967, na kazi ya kusanifisha istilahi ni yake. Lakini istilahi isiyotumiwa haisimami hata ikipigwa mhuri, na hapa hatuhitaji kungoja mhuri. Majina ya makundi katika dwm na awesome ni maandishi ya kawaida ambayo mtumiaji huyabadilisha apendavyo. Huja yakiwa 1 hadi 9. Hakuna sheria inayomzuia mtu kuyafuta na kuandika tungo, kamusi, barua, hesabu, amana.

Basi malenga wenzangu, na walimu wa Kiswahili mnaosoma haya, ombi langu ni dogo. Mwenye kompyuta ayabadilishe majina hayo leo. Mwenye wanafunzi awaulize dirisha lina ngeli gani, asiridhike wakijibu LI-YA tu. Na anayetunga kanuni aache sebule wazi kwa ajili ya lile dirisha ambalo hakulitarajia, maana huenda ndani yake imo Kichomi nyingine.